Sakafu Inayonepa: Mjadala wa Trela Lililoegeshwa Lwakhakha

Mto Lwakhakha, uteremkao kutoka Mlima Elgon na kuzitenga Kenya na Uganda, umeupa jina lake mji uliokaa kwenye kingo zake mbili, na katika mji huo ardhi tambarare ni adimu, na ile iliyopo, iliyo karibu na forodha na soko, hukauka wakati wa kiangazi ikawa ngumu, na wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, hulainika kiasi cha kumeza kisigino cha mtu. Kwa hiyo chochote chenye magurudumu kinachoegeshwa pale kwa muda, kiwe ni trela la trekta lililoleta mahindi kutoka mashamba ya Kitale, au lori lingojalo karatasi zake, au chumba kidogo cha kuuzia chai, huanza kuinama upande mmoja kabla mwenyewe hajatambua.

Nimeazimia kulileta mbele ya wasomaji jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni kutikisika kwa sakafu ya trela lililoegeshwa likafanywa mahali pa watu kukaa au kufanya kazi. Ili hoja zipambane uso kwa uso, nimeziweka vinywani mwa watu wanne ambao nimewatunga na kuwaita kwa kazi zao: Muuguzi, Dereva mstaafu, Fundi wa chuma, na Seremala. Trela lao ni la namna ijulikanayo: chumba cha bati na mbao chenye urefu wa mita 6 na uzito wa tani 2 pamoja na vilivyomo, kimekaa juu ya chasi ya chuma, kina ekseli mbili katikati, ndoana ya kuvutia mbele, na miguu minne myembamba ya kuteremshwa kwenye pembe. Limegeuzwa kuwa zahanati ya siku za soko. Na mimi, nikiwa mwenye kuuendesha mjadala, sitajifanya sina upande. Pale nitakapoona haki iko wapi nitasema.

MUUGUZI. Wazee wangu, na wewe fundi, karibuni. Mambo ya vyuma siyajui, nitasema yale yanipatayo kazini tu. Mama akipanda ngazi na mtoto mgongoni, sakafu hushuka kisha ikapanda, na mgonjwa aliyelala kitandani upande wa pili huinuliwa pamoja nayo. Mizani yetu ya kuning'iniza, ile Salter ya kilo 25 yenye alama kwa kila gramu 100, mshale wake hautulii. Na kwa mtoto ambaye tangu mwezi uliopita ameongezeka gramu 200 tu, mshale ukicheza alama moja huku na moja kule, sijui kama nimpongeze mama yake au nimwambie arudi wiki ijayo. Lakini darubini ndiyo inayonikosesha raha kabisa. Tunatafuta vimelea vya malaria kwa kukuza mara 1000, na duara lionekanalo mle ndani halifiki robo ya milimita kwa upana. Mpimaji hapaswi kusema damu ni safi mpaka apitie maduara 100 au zaidi, moja baada ya jingine. Mtu mmoja akitembea mlangoni, kila kilichomo ndani ya duara kinakimbia. Basi ama tuwazuie watu wasitembee, ama tupime tukikisia, na hilo la pili sitalikubali.

DEREVA. Sista, maradhi haya nayajua, kwa maana nimeyabeba mgongoni miaka yote niliyoendesha malori kutoka Mombasa kupandisha Kampala. Chombo hiki kimeundwa kitembee. Kimetiwa springi za mabamba na matairi ya upepo makusudi kiweze kuruka na kutua barabarani bila kuvunjika. Sasa mmekiegesha, mmekipangia dawa na vitanda, mkaanza kutembea juu yake, nacho kinaendelea na kazi yake ileile ya kuruka na kutua. Wale Makaburu waliopanda kutoka Nakuru mwaka 1908 kwenda nyanda za Uasin Gishu, walipofika waliishi ndani ya magari yao ya ng'ombe na ubavuni mwake mpaka walipojenga nyumba, na magari yale hayakuwa na springi hata moja. Gurudumu ni la mti lenye pete ya chuma, na ekseli imefungwa moja kwa moja. Njiani yalivunja mifupa ya abiria, lakini yakisimama yalisimama. Kwa hiyo rai yangu ni nyepesi: weka stendi nne chini ya ekseli, kama tunavyofanya tukibadilisha tairi, inua magurudumu kidogo, mambo yamekwisha.

FUNDI. Mzee, kwa heshima yako, hayajakwisha; yamekwisha nusu. Ukiweka stendi chini ya ekseli umeyaondoa matairi katika hesabu, lakini springi zipo juu ya ekseli, baina yake na chasi. Bado zinaubeba mzigo wote, na mtu akitembea ndani zitaendelea kukunjika na kukunjuka. Stendi iwekwe chini ya chasi yenyewe, kwenye zile boriti mbili ndefu za chuma, karibu na ekseli, mbele yake na nyuma yake. Hapo mzigo hupita kutoka chasi kwenda ardhini, springi zikabaki zinaning'inia bila kazi.

DEREVA. Hilo nalikubali, mwanangu. Umeniweka sawa.

FUNDI. Na kama ningeachiwa, nisingekomea hapo. Ningejenga nguzo sita za matofali na saruji, nikalishusha trela juu yake, nikayavua magurudumu nikayatia stoo. Nyumba haiyumbi kwa sababu haina magurudumu.

Hapa Dereva alinyamaza kidogo, na jibu alilolitoa nimelipenda zaidi kuliko yote aliyoyasema.

DEREVA. Siku utakapoyavua magurudumu, mwanangu, utakuwa umeiua zahanati hii. Leo ipo Lwakhakha kwa sababu soko lipo. Jumatatu yatakiwa Sirisia, na mwezi ujao pengine Chwele. Mama wa kule juu mlimani hawezi kuteremka na mtoto mwenye homa, ndiyo maana zahanati ikapewa magurudumu imfuate. Tena litazame na jambo la sheria. Kwa ile sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, mtu akitaka kujenga sharti apate ruhusa ya kaunti. Trela lisimamalo juu ya matairi yake hakuna aliulizaye. Ukilikalisha juu ya saruji, kando ya barabara ya mpakani, atakuja afisa na kuliita jengo, nawe utakuwa na kesi badala ya zahanati.

SEREMALA. Nimewasikiliza nyote mkizungumza yaliyo chini, ilhali Sista amelalamikia sakafu. Mimi nimeingia mle ndani. Pale karibu na mlango, ubao unazama chini ya mguu kama ngozi ya ngoma iliyolegea, kwa sababu maji ya mvua yameingia kwenye kizingiti na plaiwudi imeoza. Hata mkiliweka trela juu ya mwamba, ubao uliooza utanepa. Anzeni na sakafu: ng'oeni palipooza, tandikeni plaiwudi mpya ya milimita 18 juu ya sakafu nzima, kazi imeisha.

FUNDI. Mzee seremala, karatasi moja ya plaiwudi hiyo ina kilo kama 30. Ukitandika sakafu nzima umeongeza uzito wa watu wawili au zaidi, na mwenye kuvuta ndiye atakayelipa mafuta.

Wakafika hapo, kila mmoja ameshika kazi ya mkono wake: mwenye springi aona springi, mwenye chuma aona chasi, mwenye mbao aona ubao. Nami nasema bayana kwamba wote watatu walikuwa na haki, na kwamba fedha nyingi hupotea katika jambo hili kwa sababu mwenye trela humwamini yule aliyefika kwanza. Mtikisiko wa sakafu iliyoegeshwa una mashina matatu, nayo hayafanani hata kidogo. La kwanza ni chombo kizima kupanda na kushuka juu ya springi, matairi, na ardhi laini. La pili ni chasi yenyewe kupindika baina ya pale inaposhikiliwa na pale isiposhikiliwa. La tatu ni ubao kunepa baina ya mhimili na mhimili. Dawa ya moja haitibu jingine. Kwa hiyo kabla ya kununua hata msumari mmoja yafaa kulijua shina.

Nikawaomba wafanye jaribio ambalo halina gharama yoyote. Kijiti kilichonyooka kichimbiwe ardhini nje ya trela, karibu na ekseli, ncha yake ikaribie chasi bila kuigusa, kwa nafasi ya unene wa sarafu. Kingine cha namna hiyo kiwekwe karibu na pembe ya nyuma. Mtu mmoja atembee ndani kwa mwendo wake wa kawaida, na mwingine achutame nje akitazama nafasi ile. Ikiwa chasi yapanda na kushuka mbele ya kijiti, kosa liko chini: springi, tairi, au ardhi. Ikiwa chasi imetulia karibu na ekseli lakini pembe ya nyuma inacheza, ni kupindika kwa chasi. Na ikiwa chasi imetulia kotekote, ilhali maji yaliyomo katika bilauri iliyowekwa sakafuni yanapiga mawimbi, basi Seremala ndiye mwenye kesi.

MUUGUZI. Tumelifanya. Chasi ilicheza katikati na nyuma pia, ya nyuma zaidi. Na mlangoni ubao ulizama peke yake.

Yaani mashina yote matatu yalikuwepo, na hivyo ndivyo ilivyo aghalabu katika chombo kikuukuu. Nitaongeza neno moja juu ya lile la kwanza, maana ndilo linalowachosha watu zaidi. Binadamu atembeapo huweka nyayo kadiri ya mbili kwa kila sekunde, na chombo kilichokaa juu ya springi kina mwendo wake wa asili usio mbali na hapo. Miondoko hiyo miwili ikikutana, hatua ya pili huikuta sakafu ikiwa bado inapanda kwa nguvu ya hatua ya kwanza, na ya tatu huzidisha, mpaka mtu mwepesi atembeaye mwendo wa kawaida akatikisa kitanda kuliko mtu mzito aliyeketi kwa kishindo. Ndiyo maana kuondoa springi katika hesabu kuna faida kubwa kuliko kupunguza uzito wa watu waingiao.

DEREVA. Basi tukubaliane juu ya stendi. Lakini matairi yasiinuliwe yakaning'inia hewani. Yaguse ardhi, yabebe kidogo.

FUNDI. Ukiyaacha yaguse hutapata utulivu wote, Mzee.

DEREVA. Nitapata tisa katika kumi, na ile moja nitaiuza kwa usalama. Stendi ikiteleza, trela litaanguka kidole kimoja, si mkono mzima. Na asubuhi ya kuondoka, sitahitaji saa mbili za jeki.

Katika hili nilimpa Dereva haki, na sikusita. Trela la namna hii lapaswa kuwa nyumba mchana na gari jioni, na kila shauri lipimwe kwa mizani hiyo: je, laweza kuondolewa kabla jua halijazama?

Walakini ugomvi mkubwa ulikuwa bado, nao ulikuwa juu ya ile miguu minne ya pembeni. Wenye matrela karibu wote huifanya jeki. Huizungusha mpaka trela linainuka, wakidhani kwamba kadiri inavyokazwa ndivyo inavyosaidia, kumbe imeundwa kuzuia pembe zisichezecheze, si kubeba.

FUNDI. Ukiikaza kupita kiasi, mguu mmoja hupandisha pembe yake kuliko wenzake, chasi ikajipinda, na utajua kwa mlango: utakataa kufunga. Nimeitwa mara nyingi kuja kupiga randa mlango, nikaulegeza mguu wa nyuma, mlango ukafunga wenyewe. Taratibu ni hii. Kwanza trela lisawazishwe kwa pimamaji upande kwa upande, kwa kuyapandisha magurudumu ya upande ulio chini juu ya ubao, kabla ya kufungua ndoana. Pili, kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu, zigongwe zikaze. Tatu, fungua ndoana, sawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu dogo la mbele. Nne, stendi chini ya chasi. Mwisho kabisa ndiyo hiyo miguu ya pembeni: iteremshwe mpaka iguse, kisha ikazwe kwa mkono robo ya mzunguko tu. Wakati wa kuinua asiwepo mtu ndani, na asiingie mtu chini ya trela linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota bisibisi.

SEREMALA. Na mguu ulioteremka mrefu hucheza kuliko mfupi. Weka kipande cha mbao chini yake, uchomoze kidogo.

FUNDI. Kweli, Mzee. Na hata hivyo trela litaendelea kuyumba upande kwa upande, maana mguu wima hauzuii mwendo wa ubavuni. Dawa yake ni chuma cha pembe kitokacho kwenye unyayo wa mguu huu kikapanda kwa mshazari mpaka kwenye chasi upande wa pili, na kingine kinyume chake, vifungwe kwa bolti badala ya kuchomelewa, ili Dereva avifungue akitaka kuondoka.

Juu ya ardhi walikubaliana upesi, nami nasikitika kwamba jambo lililokubaliwa upesi namna hiyo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Tani 2 zikigawanywa kwa stendi nne ni kilo 500 kwa kila moja. Unyayo wa stendi wa sentimita 10 kwa 10 huibana ardhi kwa kilo 5 katika kila sentimita mraba, na udongo wa Lwakhakha uliolowa kwa mvua ya Aprili hauwezi kustahimili mzigo huo kwa muda mrefu. Lakini stendi hiyohiyo ikikaa juu ya ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, mbano hushuka mpaka chini ya thuluthi ya kilo. Kipande cha mkaratusi kilichokatwa kwa msumeno, cha bei ndogo kabisa, hufanya kazi ambayo stendi ya bei ghali haiifanyi. Shilingi ya kwanza ya mwenye trela iende ardhini, hata kabla ya plaiwudi na vyuma.

MUUGUZI. Na pale mlangoni?

SEREMALA. Pale pakatwe mpaka ufikie mbao nzima, na kizingiti kizibwe kwanza, vinginevyo masika yajayo tutakutana tena hapa. Sitatandika sakafu nzima. Fundi amenishinda kwa hoja ya uzito. Nitakachofanya ni kuongeza mihimili. Sasa hivi nafasi baina ya mhimili na mhimili ni kubwa mno. Nikitia mmoja katikati ya kila nafasi, nafasi itakuwa nusu, na kunepa kwa ubao kutapungua mpaka thumuni. Tena ubao wa saipresi wa inchi 4 kwa 2 nitausimamisha kwa ubavu wake mwembamba, maana ukisimama hushinda ulalavyo mara nne, na mbao ni ileile, bei ni ileile. Na pale ambapo sharti nitandike plaiwudi mbili, nitazigandisha kwa gundi na kuzikaza kwa parafujo: zikishikamana zikawa kitu kimoja, ugumu wake ni mara nane ya moja, zikilazwa tu moja juu ya nyingine, ni mara mbili, na zitalia kila ukikanyaga.

Sikupata kumsikia mtu akieleza faida ya gundi kwa ufasaha kuliko huyu.

Ilibaki darubini. Fundi akatoa shauri ambalo liliwagawa tena. Mabwana wa nyota, alisema, hawaiweki darubini yao kubwa juu ya sakafu ya jumba. Huijengea nguzo yake itokayo ardhini, ikapita katika tundu la sakafu bila kuigusa, hata watu wakitembea nguzo haina habari. Na sisi tutoboe sakafu, tupitishe bomba nene la chuma lenye unyayo mpana, literemke mpaka kwenye kigae cha saruji chini, na meza ya darubini iwe juu ya bomba hilo.

SEREMALA. Nimeziba tundu la maji mlangoni, wewe unafungua jingine katikati. Vumbi, panya, na mbu wa malaria haohao mnaowatafuta wataingia humo.

FUNDI. Nitalivisha mpira laini pembezoni. Mpira haupitishi mtikisiko.

DEREVA. Na siku ya kuondoka?

FUNDI. Bomba hufunguliwa kwa bolti mbili, tundu hufunikwa kwa kifuniko. Dakika kumi.

MUUGUZI. Fundi, shauri lako ni zuri kwa darubini, lakini haliisaidii mizani wala mgonjwa kitandani. Kama sakafu itatulia kwa stendi na mihimili, pengine bomba halitahitajika. Nisingependa kuitoboa sakafu mpya kabla sijaijaribu.

Rai yangu ni rai ya Muuguzi. Nguzo ya peke yake ni dawa safi kuliko zote, lakini humtibu mmoja na kuwaacha wengine, tena sakafu iliyotobolewa haitoboleki kinyume. Wafanye kwanza yale yaliyokubaliwa, kisha wachimbie vijiti tena, mpimaji aketi mbele ya darubini na mtu atembee mlangoni. Ikiwa duara bado linakimbia, Fundi atoboe, nami nitamtetea.

DEREVA. Jambo moja kabla hatujaondoka. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbao zitazama kidogo hata ziwe pana vipi. Nani atakaza stendi?

FUNDI. Mimi naishi Kitale, Mzee. Siwezi kuwa hapa kila inaponyesha.

MUUGUZI. Basi nifundisheni mimi. Mniachie pimamaji, mniwekee alama ya rangi kwenye kila mguu inapopaswa kufika, na mnionyeshe ni stendi ipi ianze.

FUNDI. Anza na ile ya upande wa mtoni, Sista. Huko ndiko udongo ulikolegea zaidi, na ndiko trela litakakoanza kuinama.